Chumvi ya Kurawa: Tuta likivuja, hasara ni ya kiwanda na ya kisima cha jirani

ABIRIA anayesafiri kutoka Malindi kuelekea Garsen, akishavuka daraja la mto Sabaki na kuuacha mji wa Mambrui, huona vilima vyeupe upande wa bahari. Mgeni hudhani ni mchanga. Wenyeji wanajua kuwa ni chumvi iliyovunwa na kurundikwa, ikisubiri kuoshwa, kusagwa na kutiwa magunia. Mashamba ya chumvi yameanzia Ngomeni na Gongoni, yakapita Marereni hadi Kurawa, mahali ambapo kaunti za Kilifi na Tana River zinapakana. Sehemu kubwa ya chumvi ya mezani inayotumiwa nchini Kenya hutoka katika ukanda huu.

Wengi huichukulia kuwa kazi rahisi. Maji ya bahari hayanunuliwi, jua halilipiwi, na kilichobaki ni koleo na nguvu za mikono. Ukweli ni tofauti. Chumvi ni madini kama madini mengine, na kuipata kuna matatizo ya kiufundi yanayomkosesha usingizi msimamizi wa shamba. Kubwa kati ya matatizo hayo ni la maji yenyewe: maji matamu yazuiwe yasiingie, na maji ya chumvi yazuiwe yasitoke. Hilo la pili ndilo ambalo kwa miaka mingi limewakosanisha wenye viwanda na vijiji vinavyopakana navyo.

Kwa nini hapa

Mashamba haya hayakuwekwa hapa kwa bahati. Nyuma ya mikoko ya ghuba ya Ungwana kuna tambarare pana za udongo wa mfinyanzi ambazo hufunikwa na bahari wakati wa bamvua tu. Hapaoti kitu isipokuwa magugu machache yanayostahimili chumvi. Udongo huo ni mzito na haupitishi maji kwa urahisi, na nchi ni bapa kiasi kwamba maji huweza kusogezwa kutoka bwawa hadi bwawa kwa mteremko mdogo. Aidha, kadiri mtu anavyokwenda kaskazini kutoka Malindi ndivyo mvua inavyopungua. Kwa mwaka mzima, maji yanayonyonywa na jua na upepo katika eneo hili huzidi yale yanayoletwa na mvua. Bila tofauti hiyo chumvi haiwezi kupatikana kwa jua.

Lakini mahali hapa pana jirani mkubwa. Mto Tana, wenye urefu wa takriban kilomita 1,000, huteremka kutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, hupita Garsen na kutawanyika katika delta kabla ya kumwaga maji yake baharini. Delta hiyo ilitangazwa mwaka 2012 kuwa eneo oevu lenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, ikiwa na ukubwa wa hekta 163,600. Mito ya msimu nayo hukatiza nyanda hizi wakati wa mvua. Kwa hiyo mwenye shamba la chumvi amejenga kazi yake inayotaka ukame kando ya moja ya nchi zenye maji mengi zaidi katika pwani ya Kenya.

Kutoka baharini hadi guniani

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za madini yaliyoyeyuka, na kati ya hizo gramu 27 hivi ndizo chumvi ya kawaida. Zilizobaki ni chokaa, jasi, magnesi, potasi na vinginevyo. Kazi nzima ya shamba la chumvi ni kuyatenganisha madini hayo kwa kutegemea tabia moja: kila moja huganda kwa wakati wake maji yanapopungua.

Maji huingizwa wakati wa bamvua kupitia malango, au huvutwa kwa pampu, hadi kwenye mabwawa makubwa ya kwanza. Hapo tope hutuama. Kisha maji husogezwa katika mfululizo wa mabwawa ya kukolezea, kila moja likiwa na maji makali kuliko lililotangulia. Chokaa ndiyo huganda kwanza. Maji yakibaki kama robo au moja kwa tano ya kiasi cha awali, jasi huanza kuganda na kutanda sakafuni. Ni pale tu maji yanapofikia sehemu moja kwa kumi ya kiasi cha mwanzo ndipo chumvi yenyewe inapoanza kuonekana. Kwa maneno mengine, sehemu tisa kati ya kumi za maji yote yaliyoingizwa lazima ziondoke kabla ya kupatikana hata kijiko kimoja. Ndiyo maana sehemu kubwa ya shamba ni mabwawa ambayo hayatoi chumvi kabisa. Mabwawa ya kugandishia ni sehemu ndogo tu.

Msimamizi hupima ukali wa maji kwa haidromita, kifaa cha kioo kinachoelea, ambacho vipimo vyake husomwa kwa nyuzi za Baumé. Maji ya bahari husoma kama 3.5. Chumvi huanza kuganda yakifika kiasi cha 25.5. Hapa ndipo ustadi unapohitajika. Maji yakiingizwa mapema katika bwawa la kugandishia, jasi itagandia humo na kuichafua chumvi. Yakiachwa hadi kupita 29 au 30, chumvi za magnesi huanza kufuatana na chumvi ya mezani. Chumvi yenye magnesi nyingi huwa chungu, na hunyonya unyevu wa hewa hadi gunia likalowa lenyewe ghalani. Maji yanayobaki baada ya chumvi kugandishwa, ambayo ni mazito na machungu, hayana budi kutolewa. Yakimwagwa ovyo katika kijito cha mikoko, huko ndiko samaki na kamba wa ghuba hii wanakokulia.

Kuna wafanyakazi wengine ambao hawapokei mshahara. Ni viumbe wa majini. Mwani mdogo usioonekana kwa macho na bakteria wanaopenda chumvi huyapa maji ya mabwawa ya mwisho rangi nyekundu, na rangi hiyo husaidia maji kushika joto la jua na kukauka upesi zaidi. Lakini mwani ukizidi, maji huwa mazito kama uji na chumvi hutoka ndogo na chafu. Katika miaka ya 1980 watafiti walileta uduvi mdogo aitwaye Artemia katika mashamba ya ukanda huu. Uduvi huo hula mwani na kuyasafisha maji, na mayai yake ni chakula kinachotafutwa na wafugaji wa kamba na samaki duniani.

Chumvi iliyoganda huvunjwa, hukusanywa na kurundikwa. Katika baadhi ya mashamba trekta hutumika, lakini trekta huzama topeni isipokuwa sakafu ya bwawa imeachiwa tabaka la chumvi ngumu ambalo halivunwi. Kazi kubwa basi hufanywa kwa mikono, miguu ikiwa katika maji makali na macho yakiumizwa na mng'ao mweupe. Mkwaruzo mdogo wa ngozi huwa kidonda. Baada ya hapo chumvi huoshwa. Haioshwi kwa maji matamu, ambayo yangeiyeyusha, bali kwa maji ambayo tayari yameshiba chumvi. Hayo huondoa tope na magnesi bila kuila chumvi yenyewe. Hatimaye hukaushwa, husagwa na kunyunyiziwa madini ya iodini, kama Kenya ilivyolazimisha tangu miaka ya 1970 ili kupambana na ugonjwa wa rovu.

Kutu ni adui wa kila siku. Pampu, mihimili, minyororo na mashine za kusagia hulika upesi kuliko popote pengine. Afrika Mashariki ina somo lake chungu kuhusu jambo hili huko Katwe, magharibi mwa Uganda, ambako kiwanda cha chumvi kilichojengwa na Wajerumani zaidi ya miaka 40 iliyopita kilikwama baada ya muda mfupi kwa sababu mabomba yake yaliliwa na maji ya ziwa. Wachimbaji wa kienyeji wa Katwe wanaendelea na kazi yao hadi leo pembeni mwa chuma hicho kilichoachwa. Mabwawa ya udongo ya Kurawa hayapati kutu, na huenda hiyo ndiyo siri ya kudumu kwake.

Mvua inapokuja mapema

Msimu mzuri wa kuvuna ni wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba au Januari hadi Machi, jua linapokuwa kali na upepo mkavu. Mvua ya masika ikianza kabla chumvi haijavunwa, hasara haikawii.

Hesabu yake si ngumu. Mvua ya milimita 20, ambayo ni ya alasiri moja tu, humwaga lita 200,000 katika hekta moja. Kila lita ya maji matamu huweza kuyeyusha gramu 360 hivi za chumvi. Mvua hiyo moja inaweza basi kuondoa tani 72 za chumvi katika hekta moja. Njia ya kujiokoa ni kwamba maji ya mvua ni mepesi kuliko maji makali, hivyo kukiwa hakuna upepo huelea juu. Mfanyakazi hodari hufungua lango la juu na kuyatoa kabla hayajachanganyika. Upepo ukivuma usiku na mlinzi akiwa amelala, asubuhi hakuna la kutoa.

Mafuriko ni jambo jingine. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 bado zinatajwa na wazee wa delta kama kipimo cha mafuriko yote. Mito ikifurika, matuta hubomoka na maji ya bahari karibu na pwani hupungua ukali. Ikiwa maji yanayoingizwa yana gramu 25 za madini kwa lita badala ya 35, shamba litahitaji kuingiza maji zaidi kwa asilimia 40 ili kupata chumvi ile ile, na jua litahitaji kuyaondoa yote. Tena barabara hukatika. Mnamo Novemba 2023 mafuriko yalikata mawasiliano katika daraja la Mbogolo, kwenye barabara ya Malindi kwenda Garsen, na barabara ya Garsen hadi Lamu ikafunikwa na maji eneo la Gamba. Gamba ikafunikwa tena Mei 2024. Chumvi ni bidhaa nzito ya bei ndogo, na lori likizunguka mbali faida huishia katika mafuta.

Maji yasiyoonekana

Hasara ya mvua huonekana kwa macho. Ile ya kuvuja haionekani, na ndiyo mbaya zaidi.

Chukua bwawa la kugandishia la hekta moja linalovuja milimita moja tu kwa siku kupitia sakafu na matuta. Hakuna jicho litakalotambua milimita moja, kwa kuwa jua lenyewe huondoa zaidi ya hiyo. Lakini milimita moja katika hekta ni lita 10,000. Maji yaliyoshiba yana zaidi ya gramu 250 za chumvi kwa lita, kwa hiyo kila siku tani mbili na nusu za chumvi zimeingia ardhini. Katika siku 100 za kaskazi ni tani 250. Mabwawa ya kukolezea, ambayo ni makubwa zaidi na hayatunzwi kwa uangalifu uleule, huvuja maji mepesi zaidi lakini mengi zaidi.

Kuvuja kuna sababu nyingi. Kaa hutoboa matuta usiku na mchana. Mizizi ya mikoko iliyokatwa huoza na kuacha vishimo. Udongo wa mfinyanzi ukikauka kabisa hupasuka nyufa. Na chini ya mfinyanzi, mahali pengi katika pwani hii, kuna mishipa ya mchanga iliyoachwa na fukwe na mito ya zamani. Shamba likichimbwa kwa kina bila kupima udongo kwanza, mshipa mmoja hutosha kuwa mfereji.

Mchanga huohuo ndio unaohifadhi maji ya kunywa ya vijiji. Katika miinuko midogo ya mchanga, mvua huzama na kukaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini, kwa kuwa maji matamu ni mepesi. Wanasayansi wa Ulaya walieleza zaidi ya miaka 100 iliyopita kwamba kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini yake. Kinyume chake ndicho cha kutisha: ukipunguza mita hiyo moja kwa kuteka sana au kwa kiangazi, chumvi hupanda mita 40.

Maji makali ya shamba la chumvi yanaharakisha mambo kwa kuwa ni mazito kuliko hata bahari, na hushuka na kusambaa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kwamba ladha ya chumvi huanza kutambulika kloridi inapozidi takriban miligramu 250 kwa lita. Kwa kipimo hicho, lita moja ya maji yaliyoshiba huweza kutia ladha zaidi ya lita 600 za maji matamu. Lita 10,000 zilizoipotezea kampuni tani mbili na nusu, zikifika zote kisimani, zinatosha kuharibu lita milioni sita. Kwa mama anayeteka ndoo mbili asubuhi, au mfugaji wa Kiorma anayenywesha ng'ombe, hicho si kisima tena.

Nani alaumiwe

Malalamiko hayo yalipata nafasi ya kusikizwa rasmi mwaka 2005, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu Kenya (KNCHR) ilipofanya uchunguzi wa hadhara Malindi kuhusu utengenezaji wa chumvi katika eneo la Magarini. Ripoti yake ilitolewa mwaka 2006. Wakazi walizungumzia ardhi waliyoondolewa, mikoko iliyokatwa, wafanyakazi wasio na viatu wala miwani ya kujikinga, na visima vilivyogeuka chumvi.

Ugumu wa suala la visima ni ushahidi. Mashamba mengi yalianzishwa kabla ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, ambayo ndiyo iliyoweka sharti la kutathmini athari za mradi kabla ya kuuanza. Mahali ambapo maji ya kisima hayakupimwa kabla ya bwawa la kwanza kuchimbwa, mzee wa kijiji atasema yalikuwa matamu, mwenye kiwanda atasema yalikuwa hivyo hivyo, na hakuna karatasi ya kuamua kati yao.

Tena bahari yenyewe inasogea. Juu ya mto Tana kumejengwa mabwawa ya umeme ya Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Mabwawa hayo yamebadilisha mtiririko wa maji, na mafuriko yaliyokuwa yakiosha chumvi katika delta hayaji kama zamani. Wakulima wa Ozi, karibu na Kipini, wameona maji ya bahari yakipanda mtoni na kuharibu mpunga na miembe, na huko hakuna bwawa la chumvi la kulaumiwa. Mtetezi wa kiwanda cha Kurawa huweza kuutaja mfano huo, na hatakuwa amesema uongo.

Hata hivyo maji huacha alama ya yalikotoka. Maji ya mabwawa ya mwisho yamekwisha kuachilia sehemu kubwa ya kalsiamu yake katika jasi, huku magnesi ikiwa imekolea. Kisima kilichoingiliwa na bahari ya kawaida hakina uwiano huo. Udongo wa mfinyanzi huweza kubadilisha vipimo hivyo kidogo maji yanapopita, kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi; inafaa kupima mara kwa mara, msimu wa kaskazi na baada ya masika, na kulinganisha. Njia iliyo wazi zaidi ni kuchimba visima vyembamba vya uchunguzi kwa mstari kutoka ukingo wa shamba hadi kijijini. Chumvi ikionekana kwanza katika kisima kilicho karibu na tuta, kisha cha pili, kisha cha tatu, hakuna haja ya ubishi. Ikianza upande wa bahari, kiwanda hakina lawama. Kifaa cha kupimia ukali wa maji hushikwa mkononi, na mwalimu wa sayansi wa shule ya sekondari anaweza kukitumia.

Gharama ya visima hivyo ni ndogo ikilinganishwa na tani 250 zinazopotea katika hekta moja inayovuja. Hapa ndipo maslahi ya pande mbili yanapokutana, ingawa ni nadra kusikia yakielezwa hivyo katika mikutano ya hadhara. Kuna dawa zinazojulikana: kushindilia sakafu upya kwa udongo mzito, kuchimba mtaro kati ya shamba na kijiji ili uyakusanye maji yanayovuja na kuyarudisha bwawani kwa pampu, kuacha ukanda wa mikoko bila kuukata, na kutochimba mabwawa mapya juu ya mishipa ya mchanga. Mtaro huo huzaa matunda mara mbili, kwa kuwa kinachorudishwa ni maji ambayo jua limekwisha kuyafanyia kazi kwa majuma kadhaa.

Kazi ya matuta hufanywa kila mwaka baada ya mvua za vuli, kabla kaskazi haijashika. Vibarua hutembea juu ya tuta wakitazama upande wa nje, mahali udongo unapong'aa kwa unyevu au unapoota ukoko mweupe ilhali hakuna maji karibu. Hapo huchimbua hadi wapate tundu la kaa, hulijaza mfinyanzi mbichi na kulishindilia kwa miguu.